Fundi asiguse breki za nyuma kabla mota ya handbreki haijarudishwa

Mkuu, mpigie huyo fundi wako wa Jumamosi umwambie asubiri. Umeuliza HOLD, kile kitufe cha kushikilia breki gari likisimama, inafanyaje kazi na kama inamaliza pedi, halafu mwishoni ukadokeza kwamba pedi za nyuma mnabadilisha nyumbani, pistoni (kile kipande kinachosukuma pedi) inarudishwa kwa klampu, chuma cha kubana kwa skrubu. Klampu hiyo ndiyo imenifanya niandike.

HOLD haina ugomvi na pedi. Ukisimamisha gari kwa breki, valvu za mfumo wa ABS (unaozuia magurudumu kujifunga) zinafungia presha ya mafuta ya breki, unatoa mguu. Ukikanyaga mafuta, inaachia. Pale mnaposubiri pantoni ya Pangani utaipenda. Ila ukifungua mkanda au ukizima gari, au muda ukipita (Honda nyingi ni dakika 10), kazi inahamia kwenye handbreki ya umeme. Na hiyo ndiyo fundi wako anayokwenda kuivunja.

Kwenye magari mengi yenye handbreki hiyo, kalipa ya nyuma (kifaa kinachobana pedi) ina mota ndogo yenye gia. Mota inazungusha skrubu, skrubu inasukuma pistoni. Skrubu ikiwa imetoka, ukabana pistoni kwa klampu, unashindana na chuma. Kitakachosalimu amri ni skrubu au gia.

Fundi mmoja hapa Ngamiani aliniapia breki ni breki tu, kazi hiyo anaifanya tangu enzi za Land Rover. Akakaza mpaka ikalia ka! Taa nyekundu ikawaka, upande mmoja handbreki inabana, wa pili mota inanguruma bure. Kalipa Tanga nzima hakuna, ikaagizwa Dar, gari likalala juu ya mawe. Unajua alisemaje? Eti magari ya kompyuta mabovu! Gari lilikuwa zima. Mtu anaficha asichokijua kwa kiapo, bili unalipa wewe. Inaniuma mpaka leo.

Mota irudishwe nyuma kwanza, skrubu iingie ndani, ndipo pistoni iguswe. Inarudishwa kwa mashine ya kupimia gari, na baadhi ya magari yana utaratibu wa kitufe na pedali ulioandikwa kwenye kitabu chake. Kalipa ikiwa wazi, mtu asiguse kitufe cha handbreki, watoto wakae mbali. Pedi zikishaingia, mota irudishwe kazini, kisha kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua.

Kabla hajalegeza nati ya kwanza muulize mashine yake iko wapi. Akikuonyesha klampu, mpe nauli arudi kwao.