Barua kwa mwanangu: kwa nini kiitikio cha mwisho hakiinui

Mwanangu Neema,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini wimbo wenu wa kutia moyo, ule mliourekodi Arusha, ukifika kiitikio cha mwisho haumgusi mtu, ilhali sauti zote zipo. Na kwa nini "You Raise Me Up" humwinua hata asiyejua Kiingereza. Nimeusikiliza wenu. Dakika ya kwanza haijaisha, tayari ngoma zimeingia, sauti nne zimeingia na mwimbaji kiongozi yuko kileleni. Mmetumia kila mlichokuwa nacho, na huko mbele hakuna pa kwenda.

Anza na hesabu. Nyimbo hizi hukaa vizuri kwenye mapigo 60 hadi 66 kwa dakika. Ukifika 76 watu wanaanza kupiga makofi. Ukishuka 52 waimbaji wanaishiwa pumzi katikati ya mstari. Chukua 60, mapigo manne kwa kipimo: kipimo kimoja ni sekunde 4, dakika nne ni vipimo 60. Vigawe hivi: utangulizi 4, ubeti 8, kiitikio 8, ubeti wa pili 8, kiitikio 8, ala peke yake 4, kiitikio kilichopandishwa 8, kirudieni 8, mwisho 4. Ubeti wa kwanza ni kinanda na sauti moja, basi. Kiitikio cha kwanza pia kaeni bila kwaya, hata kama wanakwaya watanung'unika. Ubeti wa pili, waimbaji wa alto na wa tenori wavume midomo ikiwa imefumba. Gitaa la besi na ngoma ziingie kiitikio cha pili, kwa upole. Sauti nne kamili zisubiri kipimo cha 41, yaani dakika 2 na sekunde 40.

Hapo ndipo mnapandisha Do, yaani nota ya msingi ya wimbo, na hapo ndipo kwaya nyingi huharibu. Panga kuanzia mwishoni kurudi nyuma. Tafuta nota ya juu kabisa ambayo kiongozi wenu anaweza kuishika mapigo manne bila kukaza shingo, akiwa amechoka, jioni. Tuseme ni C#. Kama kilele cha kiitikio ni mi, basi Do ya mwisho ni A, na mnaanza wimbo hatua nzima chini yake, kwenye G. Nyie mlianza na Do iliyomfaa kiongozi, mkapandisha hatua nzima, akajikuta anapiga kelele. Na msiruke ghafla: kipimo cha 40 chote kinanda kishike kodi (chord) ya E, ambayo ni sol ya Do mpya, sikio lijiandae. Bila hivyo nusu ya kwaya inabaki G, nusu inakwenda A.

Maneno nayo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na pigo zito lazima liangukie hapo. "Ninasimama tena": pigo la kwanza la kipimo liwe kwenye "ma" ya katikati, ni-na-si-MA-ma, na "ninasi" itangulie kabla ya kipimo. Nyie mmeweka pigo zito kwenye "ni", ndiyo maana mstari unasikika kama umetafsiriwa. Nota ndefu ya juu ipeni irabu "a" au "o". Mmeiwekea "i" ya "Mwokozi". "I" hubana koo, na soprano hushuka tuni hapo hapo kila mara. Badilisheni neno, msimlaumu soprano.

Sasa huo wimbo mkubwa, "You Raise Me Up". Muziki ni wa Rolf Løvland wa Norwe, maneno ni ya Brendan Graham wa Ayalandi, na mara ya kwanza ulipigwa kwenye mazishi ya mama yake Løvland. Kundi la Secret Garden, likiwa na mwimbaji Brian Kennedy, liliutoa 2002 na haukuvuma sana. Josh Groban aliurekodi 2003 chini ya prodyuza David Foster. Kwenye chati kuu ya Marekani uliishia namba 73, lakini kwenye chati ya nyimbo tulivu za wasikilizaji wa umri mkubwa (Adult Contemporary) ukawa wa kwanza. Westlife wakaufikisha namba moja Uingereza 2005. Ona njia uliyopita: mazishi, kumbukumbu, hafla. Maneno yake hayasemi "wewe" ni nani, kwa hiyo mmoja anamwimbia Mungu, mwingine mzazi, mwingine mke. Wenu unataja kwaya, usharika na mwaka wa jubilei. Nani ataupiga kwenye mahafali ya Kibosho au msiba wa Himo? Ondoeni hayo.

Halafu melodi zinazopanda taratibu hufanana. Mtunzi wa Iceland alishtaki akidai wimbo huo umetokana na wake wa 1977. Mahakama ya Los Angeles iliifuta kesi 2020. Waimbieni wazee wa kwaya melodi yenu bila maneno, muwaulize inawakumbusha nini. Gawaneni asilimia za mtunzi na mwandishi kwa maandishi kabla ya kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Studio: kiongozi akae sentimita 15 kutoka maikrofoni kwenye beti, arudi nyuma hadi 40 kwenye kiitikio cha mwisho. Prodyuza apime sauti kwa kile kiitikio cha mwisho, isizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Kwaya ya watu 12 irekodiwe mara mbili, mita mbili kutoka maikrofoni, na si mvua ikipiga bati. Kisha mtazame mchoro wa sauti kwenye kompyuta: uwe mwembamba mwanzoni, mnene mwishoni. Ukiwa na unene mmoja, kompresa, ile inayobana sauti kubwa zilingane na ndogo, imekula ongezeko lote, na kazi yote niliyokueleza juu imepotea.

Mkimaliza, toeni pia ala peke yake na nota za sauti nne, mzitume bure kwa walimu wa kwaya. Wimbo wa aina hii husambaa kwa kuimbwa na wengine.

Nitumie kwanza kiitikio kipya, sauti moja na kinanda tu, tuipange hiyo Do kabla hamjalipa studio tena.

Baba yako,
Moshi