Mdahalo wa wagombea hauulizi kadi ya chama

Kaka, umeuliza kama asiye na kadi ya chama anaruhusiwa kuuliza swali kwenye mdahalo wa wagombea udiwani huko Tandahimba. Kikundi cha wananchi kikiuandaa kwa wapiga kura wote, kadi ya nini? Nenda. Ila usimuulize bei ya korosho. Hiyo inaamuliwa mnadani, atakudanganya tu na makofi atapigiwa. Mbane kwenye ya halmashauri: ushuru wa mazao unarudi vipi kijijini, zahanati ina dawa? Andika swali lako kwenye karatasi, sentensi moja, maana kipaza sauti huishia kwa wenye salamu ndefu. Majibu yaandike pia. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi 3, na mkazi yeyote wa miaka 18 au zaidi anaingia, ukayasome hapo.