Maswali yenu: kongamano la kuabudu Dar na siku moja Bagamoyo

Maswali ya wiki hii karibu yote yanazunguka pale pale, kongamano la kusifu na kuabudu Dar na ile siku moja ambayo kila kwaya inataka itoke kidogo nje ya mji. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Dada, Bwana asifiwe. Sisi ni praise team tunatoka Morogoro, kongamano ni siku tatu. Wenzangu wanataka siku ya pili mchana tuchomoke twende Bagamoyo, jioni tuwahi ibada. Ni dhambi?

Asifiwe sana. Dhambi sio, ila hesabu mbovu. Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu toka Dar, unaona karibu, lakini hiyo barabara ya Mwenge, Tegeta mpaka Bunju ikishajaa jioni hata dereva mwenyewe anazima injini anatafuna karanga, ibada mtaikuta kwenye maombi ya kufunga.

Halafu mnaacha kitu gani? Mchana ndo madarasa. Najua watu wengi wanafanya kinyume, mchana wanazunguka Kariakoo jioni ndo wanajaa ukumbini kwenye taa na moshi na kamera, na hiyo ya jioni kesho yake unaikuta Yutubu tena ukiwa umelala zako. Ila mchana kuna mtu amekaa na wapiga drams anawaonyesha kwanini wanakimbiza wimbo, mtu wa saundi anaeleza kwanini maiki inalia ukiisogeza mbele ya spika, mwalimu anawaweka waimbaji wa tena na besi pembeni mpaka waache kuimba sauti ya kwanza kwa kujificha (mnajijua). Hapo unanyoosha mkono unauliza la kwenu, Yutubu huwezi kuiuliza. Mimi ningelazimishwa kuacha kitu ningeacha jioni moja, najua mchungaji wenu hatonielewa.

Kwahiyo Bagamoyo iwe siku ya nne. Treni ya SGR imeanza 2024 na Moro kwenu inafika, kateni tiketi ya kurudi kesho yake, sio ya jioni ile ile.

Mimi ni Mlutheri toka Njombe, nimezoea liturujia yetu. Nasikia huko watu wananena kwa lugha wanaanguka. Nisiponyanyua mikono wataniona nimepoa?

Hamna anayekukagua, kila mtu yuko bize na Mungu wake au na simu yake. Kaa katikati, usikae mbele karibu na spika maana hapo masikio yatakuuma mpaka Makambako. Wakiita watu wasogee mbele na wewe husikii kusogea, kaa. Paulo mwenyewe aliwaandikia Wakorintho sura ya 14 yote kuhusu kunena kwa lugha na utaratibu wa kanisani, isome kwenye basi utaenda ukiwa umetulia.

Mwanangu, mimi ni mama wa Kipentekoste. Wanakwaya wanasema tukitoka kongamano tunapelekwa Bagamoyo, nasikia ni misheni ya Wakatoliki na magofu ya msikiti. Tunakwenda kutafuta nini huko?

Shikamoo mama. Swali lako ndo zuri kuliko yote. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, shirika la Kikatoliki, walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitokea Zanzibar, na moja ya kazi zao ilikuwa kununua watu waliokuwa wanauzwa utumwani na kuwaacha huru, wakawajengea kijiji pale pale misheni. Nenda pia makaburini kwao usome miaka, wengi walikufa vijana kabisa, malaria ile. Mama hapo hata kama hujawahi kushika rozari utasimama kidogo.

Halafu kuna la Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi, na huyu alikuwa Mprotestanti, Mskoti. Alikufa Mei 1873 huko ambako sasa ni Zambia, moyo wake ukazikwa kule kule, mwili wakaukausha wakaubeba watumishi wake akina Chuma na Susi na wenzao kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Wakaupeleka wapi? Kwa hao hao Wakatoliki, ukalazwa kanisani kwao, ule mnara bado upo na watu wanauita mnara wa Livingstone. Ndo ukapelekwa Zanzibar na Uingereza, akazikwa Westminster Abbey Aprili mwaka huo. Sasa kama Mprotestanti mwenyewe alilala pale, mama na wewe unaweza kuingia dakika tano. Mimi nikifika pale nawawaza zaidi wale wabebaji, miezi kama tisa njiani.

Hayo magofu uliyosikia yako Kaole, jirani na Bagamoyo, msikiti wake ni wa karne ya 13, magofu ya mawe ya matumbawe na makaburi. Hamna mtu atakayekubadilisha dini mama, ni historia ya pwani yetu. Na ule mnyororo uliozama kwenye mbuyu wa misheni, vijana wakikwambia ni wa watumwa waambie ulikuwa wa kufungia punda.

Usafiri je? Hatuna gari.

Pandeni daladala za Bagamoyo pale Makumbusho, saa moja asubuhi sio saa nne. Mkifika stendi chukueni bajaji, patana kabla hujapanda. Mkiwa wengi kodini Kosta, ila andikeni kabisa kwamba Kaole imo, maana iko nje ya mji kidogo na dereva atadai nyongeza mkiwa mmeshafika.

Kwenye kongamano lililopita tuliambiwa tupande mbegu, nikatoa mpaka nauli, nikarudi kwa kukopa. Mwaka huu nifanyeje?

Nauli mpe mtu mwingine akutunzie, na umwambie asikupe hata ukilia. Sadaka uitenge nyumbani ukiwa na akili zako, sio saa tano usiku kinanda kinapigwa taratibu.

Tunaweza kwenda na spika tukaimbe ufukweni Bagamoyo?

Kuimba imbeni, spika acheni Dar. Ule mji Waislamu ni wengi na wanaishi vizuri na wageni, msiende kuwahubiria sokoni kwenye samaki wao, na adhana ikipigwa nyamazeni kidogo. Kuogelea ulizeni wavuvi maji yanajaa saa ngapi, yakiwa yametoka mtatembea kwenye matope mpaka mchoke. Na kama safari imeangukia Ramadhani mama lishe wengi hawapiki mchana, kuleni Dar kabisa au mbebe chapati.