Barua kwa mwanangu aliyeko California

Moshi, Majengo

Mwanangu,

Huku hatujambo. Umeniuliza kama ujiunge na wazazi Weusi, Walatino na Waasia wanaodai haki kwenye shule za watoto wao, wakati wewe ni mgeni na wao wenyewe hawaaminiani. Jiunge.

Hapo ulipo wapo wazazi waliowahi kufanya hivyo. Gonzalo na Felicitas Mendez walikuwa wamekodi shamba huko Westminster kutoka kwa familia ya Kijapani ya Munemitsu, iliyokuwa imefungiwa kambini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Siku ya kuandikisha, dada yake Gonzalo aliwapeleka watoto wote, wake na wa kaka yake. Wa kwake, weupe wa ngozi, wakapokelewa. Wa Mendez wakaambiwa waende shule ya Wameksiko. Shangazi akageuka na wote, hata wale waliopokelewa. Nampenda mama huyo!

Mwaka 1945 Mendez na wenzake wakashtaki. Rufaa ilipofika, vyama vya Weusi, vya Wayahudi na vya Wajapani wa Marekani vikawaunga mkono kwa hoja za maandishi. Wakashinda 1947. Mwaka huohuo California ikafuta sheria yake ya kutenga watoto shuleni, na sheria ile haikuwataja Wameksiko kabisa: iliwataja Waasia na wenyeji asilia. Kesi ya jirani, Wameksiko, iliwakomboa na wao.

Kuhusu kutoaminiana, usitegemee kwisha. Babu yako, karani wa kahawa hapa mjini, hakuacha kuilalamikia kura tatu ya 1958: Waafrika ndio wengi, lakini kila mpiga kura sharti achague Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilipokubali kuingia hivyohivyo, Zuberi Mtemvu, mwanachama wake, alijitoa. Kwenu pia kuna watakaojitoa. Ila jimbo letu la Kaskazini lilimpeleka Sophia Mustafa, Mwasia aliyeungwa mkono na TANU, kwenye Baraza la Kutunga Sheria, na Januari 1962 utaratibu wa kutenga shule za Wazungu, Wahindi na Waafrika ukafutwa. Ada ya shule za msingi ilibaki hadi 1973, kwa hiyo maskini waliendelea kubaki nje. Mkipata sheria, msitawanyike.

Kwenye kikao cha kwanza sikiliza tu. Ulizia watoto wa nani wanaumia zaidi, na wazazi wao ndio watangulie kusema, hata kama Kiingereza chao ni cha kuungaunga. Mkalimani atafutwe mapema. Dai liwe moja, la wote, lenye tarehe.

Niandikie mmekubaliana dai gani.

Mama yako