"Mahakama za ndani" maana yake nini?

Uliyeuliza kama "mahakama za ndani" ni zile zinazosikiliza kesi faragha: hapana. Ni mahakama za nchi yenyewe, kwa Tanzania Bara kuanzia ya Mwanzo hadi ya Rufani, zikitofautishwa na za kimataifa. Tafadhali usiandike "mahakama za manispaa". Ni kosa la kutafsiri "municipal courts" ya Kiingereza neno kwa neno.

Utalikuta hasa kwenye "kumaliza nafuu za ndani", yaani kutumia kwanza njia zote za kisheria za nchini kabla ya kwenda mahakama ya kimataifa. Hadi Novemba 2020, Mtanzania alipoweza bado kuishtaki Tanzania moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, mahakama hiyo ilitaka uwe umefika Mahakama ya Rufani kwanza, labda mchakato uwe umecheleweshwa kupita kiasi. Mapitio ya hukumu (kuiomba Mahakama ya Rufani iitazame tena hukumu yake) haikukulazimisha kuyaomba.

Mahakama ya Afrika Mashariki haina sharti hilo, ila ina kikomo cha kufungua kesi cha miezi 2 tangu kitendo unacholalamikia, au tangu ukijue. Ukisubiri rufaa ya nyumbani iishe, muda umekwisha.