Maswali ya wasomaji: Ticha akichekesha darasani anapoteza muda?

SWALI: Dada mhariri shikamoo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, huu mwaka wa sita, na kwenye vipindi vyangu watoto wanacheka, hilo sikatai. Juzi mkuu wangu wa idara kaniita pembeni akaniambia "hapa sio jukwaa la komedi", eti nawapotezea wanafunzi muda na mwisho watanizoea. Imeniuma kwasababu naona kabisa wananielewa, ila sikuwa na cha kumjibu. Kichekesho kweli kinafundisha, au najifurahisha tu?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole. Hujifurahishi. Ila mkuu wako naye hajakosea yote, inategemea unawachekesha kwa kitu gani.

Mwaka 1977 watafiti wawili, Kaplan na Pascoe, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo mhadhara kwa namna tofauti, kuna waliopata mkavu, kuna waliopata wenye vichekesho vya pembeni tu, na kuna waliopata ule ambao kichekesho chenyewe ndo mfano wa mada. Walipowapima palepale, vichekesho havikuwa vimewaongezea kuelewa. Wakawapima tena baada ya wiki 6, na hapo ndo ikaonekana kwamba zile hoja zilizobebwa na mfano wa kuchekesha zimebaki kichwani zaidi. Halafu mwaka 1988 mtafiti mwingine, Avner Ziv, akachapisha majaribio yake, moja lilikuwa darasa la takwimu muhula mzima (takwimu mwalimu, unajua wanafunzi wanavyoliogopa lile somo), na waliofundishwa kwa vichekesho vinavyohusu somo walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa mwisho.

Kwahiyo ukimaliza kueleza wastani halafu ukatupia stori ya mpira wa jana, watoto watacheka, watachangamka kidogo, basi. Lakini ukiwaambia kuna bwana mmoja mrefu kweli kweli, kasoma mahali kwamba mto ule wastani wa kina chake ni mita 1, akasema aah mita 1 si kiunoni tu, akaingia kuvuka kwa miguu na katikati ya mto akazama, hapo umefundisha. Maana ili mtoto acheke lazima awe ameshaelewa kwamba wastani unaficha sehemu zenye kina kirefu, asiyeelewa hawezi kucheka, labda acheke kwa kufuata wenzake na hiyo ukiwaangalia machoni unaijua. Mimi hii ndo naipenda kuliko yote, kwamba kichekesho cha somo ni jaribio la papo hapo, wala huhitaji kukusanya madaftari.

Hilo la kuzoewa lisikutishe sana. Mwanafunzi asiyekuogopa ndo anayenyoosha mkono kusema "hapa sijaelewa", na hesabu bila hiyo sentensi haziendi. Kitu kimoja tu nakuomba sana mwalimu, usimfanye mtoto aliyekosea ubaoni kuwa ndo kichekesho cha siku hiyo, hata kama darasa zima litavunjika mbavu. Yule hatanyoosha mkono tena, na wenzake wote waliokuwa wanacheka wamejifunza palepale kwamba bora kunyamaza kuliko kukosea. Kama mkuu wako aliona kitu cha namna hiyo basi msikilize. Kama hakuona, mkaribishe akae nyuma kipindi kimoja asikilize hicho kinachowachekesha ni nini.

SWALI: Dada naomba ushauri. Tuna grupu la WhatsApp la marafiki tuliosoma pamoja, na karibu kila siku mimi ndo wa kuchekwa, unene wangu, sauti yangu, kila kitu. Nikinuna naambiwa "mbona unakuwa siriasi, hujui utani". Labda kweli mimi ndo mwenye shida?

JIBU: Hapana mdogo wangu, huna shida yoyote. Utani ni wa kurushiana, leo wewe kesho yeye, na ukisema "hilo liache" linaachwa. Wa kwako unaenda upande mmoja tu.

Kuna mtafiti wa Marekani, Robert Provine, aliyefuatilia vicheko vya watu kwenye maisha ya kawaida, akakuta tunacheka karibu mara 30 zaidi tukiwa na wenzetu kuliko tukiwa peke yetu, na mara nyingi hata hakuna kichekesho chochote kilichosemwa. Maana yake kicheko kazi yake kubwa ni kuambiana tuko pamoja. Ndo maana kinauma hivyo, wanapocheka wote wanaambiana wako pamoja na wewe ndo umewekwa nje, sio kwamba una roho nyepesi.

Na watu wakikwambia komedi lazima imguse mtu, ni kweli, ila waulize inamgusa nani. Molière, mwandishi wa michezo ya kuigiza, alipoonyesha Tartuffe huko Ufaransa mwaka 1664, mchezo unaowacheka wanafiki wa dini, wenye nguvu walikasirika ukapigwa marufuku kuonyeshwa hadharani, na ruhusa kamili ikaja 1669. Pale mwandishi mmoja alikuwa anawacheka watu wanaoweza kumfunga mdomo. Kwenu ni grupu zima linamcheka mtu mmoja, hapo sioni ujasiri wowote.

Usijibu kwenye grupu kwanza. Lazima yupo mmoja anayecheka lakini hajawahi kuanzisha, huyo mwandikie pembeni, mtajie utani wenyewe kabisa, "ile ya juzi kuhusu mwili wangu iliniumiza, siku nyingine nisaidie kuikata", usiseme tu kwa jumla kwamba wanakukera maana hiyo ni rahisi kuipuuza. Wengi wa namna hiyo walikuwa wanacheka kwa kuogopa zamu isiwafikie wao. Ikipita wiki mbili na hakuna kilichobadilika, toka kwenye hilo grupu bila kuaga na ubaki na huyo mmoja.