Kijana anayelala chini ya meza yangu ya mahamri

SWALI: Nauza mahamri na mbaazi Mwembe Tayari, Mombasa, tangu 2011. Mwaka huu kijana mmoja, kama miaka 22 hivi, amefanya chini ya meza yangu ndiko kwao. Anatumia unga (heroini), na siku nyingine hubishana na mtu nisiyemuona. Wenzangu wanasema ana jini, nimfukuze kabla hajanifukuzia wateja. Mimi humpa chai. Juzi aliniomba mia mbili, nikampa, nikamuona akiingia kichochoroni. Nilikosea? Nataka kumchukua nyumbani, ila nina mabinti wawili. (Mama Mahamri)

JIBU: Dadangu, wateja wa mbaazi hufukuzwa na mbaazi zilizoungua, si na mtu aliyelala. Hao wenzako waambie hivyo.

Mia mbili usiijutie. Arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, ikimshika, mifupa inamuuma, anatapika, anaharisha, na jua la saa nane anatetemeka kwa baridi. Angeipata hata kwa kuiba. Lakini usimzoeshe pesa; chai na mahamri mawili, saa ileile kila siku, yanamfaa zaidi kuliko unavyodhani. Mtu wa barabarani hana saa. Wewe ndiwe saa yake.

Nyumbani usimpeleke. Kitapotea kitu, mtagombana, na atampoteza mtu pekee anayemwita kwa jina. Ila barua yako haina jina lake. Muulize.

Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili miaka 26, na kosa langu nalijua. Zamani nilikuwa nikiwaambia, "Acha unga kwanza, ndipo tutibu kichwa." Kule walikotibu uraibu nao wakawaambia watulize kichwa kwanza. Kijana mmoja wa Likoni alivuka feri mara tatu kwa ajili ya hiyo milango miwili, mmoja wangu. Mara ya nne hakuja. Siku hizi nasema wazi: yote mawili yatibiwe pamoja, na asingoje kuwa msafi ndipo asaidiwe.

Kwa upande wa unga kuna methadoni. Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014, hospitali ya Mathari kule Nairobi, na sisi tuna kliniki Kisauni. Ni dawa ya maji, anainywa kila siku mbele ya mhudumu, kisha anasemeshwa ijulikane amemeza. Hukata arosto siku nzima. Akikosa siku kadhaa mfululizo hapewi tena kipimo kilekile, huanzishwa chini. Ndiyo maana anayelala nje, leo kafukuzwa hapa, kesho kakamatwa kwenye msako, huanguka upesi. Usimpeleke kliniki peke yako. Watu wa mashirika ya hapa Mombasa, MEWA au Reachout, huzunguka maskani kuwatafuta vijana kama huyu, na njia wanaijua. Ukikwama, piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haina malipo.

Kwa upande wa sauti anazosikia, hospitali ya Port Reitz wanatibu. Uliza kama sindano ya mara moja kwa mwezi inamfaa, kwa sababu asiye na kabati vidonge atavihifadhi wapi? Nawe usimbishie kuhusu huyo anayeongea naye, wala usimkubalie. Mwambie, "Mimi simsikii, lakini naona anakusumbua." Keti ubavuni, usimkabili uso kwa uso. Na jamaa wakitaka aandikiwe kombe, yaani aya za Kurani zinazooshwa kwa maji akanywa, waache. Kombe na dawa ya hospitali havigombani. Kinachomuumiza ni kufungwa kamba au kupigwa ati jini litoke.

Jambo moja nakuomba ulishike hata ukisahau mengine. Akitoka rumande, au akikaa siku kadhaa bila unga, mwili huwa umeshausahau. Akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa, na akichanganya na bugizi, vile vidonge vya usingizi, ndiyo hatari kabisa. Ukimsikia anakoroma kama maji yanachemka kooni, midomo imebadilika rangi, ukimtikisa haamki, usiseme kalewa. Mlaze ubavu, piga kelele, mpelekeni hospitali. Kuna sindano inayomrudishia pumzi, lakini haingoji.

Mabinti wako wakipita asubuhi wasimwogope wala wasimfanyie kazi yoyote. Wamsalimie kwa jina tu, ukishalijua.